Kalkuleta yenye kibonyezo cha TAX-, nimekaa nayo miezi saba

Nianze na bei ndio watu wa "bei gani bei gani" watulie. Nililipa 1,450. Aliniitisha 1,800, nikamwambia 1,200, tukavutana mpaka hapo. Ni Luthuli Avenue, moja ya zile duka za ndani ndani, unapita kwanza kwa wauza spika wanapiga ngoma mpaka kifua kinatetemeka alafu unapanda ngazi. Jina la duka sitaji, na jina liko juu ya hiyo kalkuleta pia sitaji, mkisoma mtajua kwa nini.

Mimi ni mtu wa vitabu kwa hardware moja Kariobangi. Sio mhasibu, mhasibu tuko naye, anakuja mara moja kwa mwezi. Mimi ni ule wa kupanga risiti na invoisi kabla afike, na wikendi nafanya kazi hiyo hiyo kwa auntie yangu mwenye hoteli South B, huyo ananilipa na pilau. Na kazi yenyewe ukiangalia ni swali moja tu linarudi kila siku likiwa limevaa nguo tofauti: hii jumla imeshikana na VAT, ile ushuru ya asilimia 16, sasa bei ya kitu yenyewe ni ngapi na ya serikali ni ngapi? Invoisi nzuri ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi za elektroniki wa KRA, watu wa ushuru, inakuandikia yenyewe, sawa, lakini si karatasi zote zinakujanga hivyo. Kuna ile risiti imefutika kwa mfuko wa dereva, kuna saplaya amekutumia bei kwa WhatsApp "58,000 kila kitu ndani", kuna mwingine amesema "50,500 plus VAT" na bosi anataka kujua saa hii nani bei nafuu, na yeye akisema saa hii anamaanisha saa hii.

Simu inaweza kufanya hiyo kazi, najua, msiniandikie. Unagawa kwa 1.16 umemaliza. Lakini jaribu hiyo na karatasi mia mbili, mkono mmoja umeshika risiti isipeperushwe na feni, simu inaingia meseji za M-Pesa juu ya namba ulikuwa unaandika, alafu mtu anapiga kuuliza kama mko na misumari ya inchi nne. Ukirudi huoni ulikuwa umefika wapi. Ndio nikaamua nitafute kalkuleta ya mezani, ile kubwa ya tarakimu 12 yenye kibonyezo cha TAX- cha kutoa VAT kwa jumla.

Sasa kabla nisifu hicho kibonyezo lazima nikiri kitu. Mwaka wa kwanza kwa hii kazi nilikuwa natoa VAT vibaya. Nilikuwa nachukua jumla, natafuta asilimia 16 yake, natoa. Inaonekana sawa kabisa kwa macho, si VAT ni 16? Basi toa 16. Invoisi ya 46,400 nikawa naandika VAT 7,424 na bei 38,976. Mhasibu akaiangalia akaniuliza, huyu saplaya anauza vitu kwa bei za 38,976? Nikasema labda. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya hiyo hiyo karatasi: 40,000, alafu chini 6,400, alafu akajumlisha. 46,400. Sikuwa na la kusema.

Venye alinielezea sijawai sahau. Kitu cha shilingi mia ukikiwekea VAT kinakuwa 116. Mia ni ya mwenye duka, 16 ni ya serikali. Sasa wewe umeshika 116 mkononi, ukitafuta asilimia 16 ya hiyo 116 unapata 18.56, na serikali haikuitisha 18.56, iliitisha 16 ya ile mia. Yani 16 ilihesabiwa juu ya kitu kidogo, wewe unaitoa juu ya kitu kikubwa, lazima utoe zaidi. Kwa hiyo hapo unagawa kwa 1.16, hutoi. Kwa ile invoisi tofauti ilikuwa 1,024 na hiyo ni karatasi moja, na ilikuwa upande wa kudai, ile VAT ya ununuzi unadai KRA ikurudishie, yani tulikuwa tunadai KRA pesa ambazo hatukulipa mtu yeyote. Akarekebisha mwenyewe bila kuniambia kwa bosi, Mungu ambariki. Na nimekutana na watu wengi sana wanafanya hivyo mpaka leo, wengine wako na maduka makubwa kuliko letu.

Kuna njia nyingine alinipea ya kutumia bila mashini, ya kwa matatu: gawa jumla kwa 29 alafu zidisha kwa 4, hiyo ndio VAT. 2,900 ukigawa kwa 29 ni 100, mara 4 ni 400. Sababu 16 juu ya 116 ukiipunguza inakuwa 4 juu ya 29. Naipenda lakini kugawa kwa 29 kichwani saa kumi na moja jioni ukiwa umesimama Stage ya Githurai, hapana.

Basi kalkuleta. Iko na vibonyezo viwili upande wa juu kushoto, TAX- na TAX+. Unaandika 46,400, unabonyeza TAX-, inakupa 40,000. Unabonyeza tena TAX- inakupa 6,400 yenyewe. Mbili tu. TAX+ ni ya kuenda upande ule mwingine, ule saplaya wa 50,500 plus VAT, unaandika unabonyeza, 58,580, kumbe wa WhatsApp wa 58,000 kila kitu ndani ndio nafuu na bosi ashapata jibu kabla amalize kuvuta kiti. Hapo kwa kasi sina malalamiko. Kazi ilikuwa inanichukua Jumatatu asubuhi yote inaisha kabla chai ya saa nne.

Sasa tufike kwa mahali iliniweka kwa moto.

Nilinunua tarehe 8, nikaanza kuitumia siku hiyo hiyo na furaha yote. Siku tisa. Tarehe 17 mhasibu akaja, na mnajua ritani za VAT lazima ziwe zimeingia kufikia tarehe 20, kwa hiyo hiyo siku hakuna mchezo. Akachukua karatasi zangu, akachukua invoisi ya mabati, 58,000, ya eTIMS, imeandikwa wazi kabisa VAT 8,000. Kwa karatasi yangu nilikuwa nimeandika bei 50,877.19 na VAT 7,122.81. Akanyamaza. Mimi nikaona amenyamaza nikajua. Akasema hebu lete hiyo mashini yako mpya.

Akaandika 114 akabonyeza TAX-. Ikaleta 100.

Akacheka mpaka akatoa miwani. Mimi sikuelewa mara ya kwanza. Alafu ikaniingia, asilimia 14! Hiyo kalkuleta ilikuwa imewekewa 14. Na 14 hapa Kenya ilikuwa ya kitu kimoja tu, corona, VAT ilishushwa kutoka 16 kuwa 14 tarehe 1 Aprili 2020 alafu ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021, miezi tisa basi. Kwa hiyo mtu huko dukani kwa hiyo miezi tisa aliitoa kwa boksi, akaiwekea 14 labda kumwonyesha mteja, akairudisha kwa boksi, na ikakaa kwa rafu miaka hiyo yote ikingoja mimi. Ina batri ndogo ndani ya kusaidiana na sola, hiyo ndio inashikilia rate ata ukizima. Kwa hiyo haikusahau, mimi ndio sikuuliza.

Na ubaya wa kosa kama hilo ni kwamba namba zinakaa namba. Ukikosea kwa kuandika sifuri mbili zaidi unaona. 50,877.19 haikushtui, bei za hardware zinakaa hivyo tu. Tulirudia siku tisa zote, mimi na yeye, tukakula mandazi na soda hapo kaunta mpaka saa mbili usiku. Tukapata kwa ununuzi tulikuwa tunadai kidogo kuliko haki yetu, yani tunaacha pesa, na kwa mauzo tulikuwa tunaandika VAT ndogo kuliko tuliyochukua kwa wateja, yani hapo tungekuwa na deni na faini juu. Tarehe 19 usiku ndio ritani ziliingia.

Nikarudi Luthuli nikiwa nimechemka. Jamaa hakuwa na wasiwasi ata kidogo. "Hiyo si kuharibika boss, hiyo ni setting." Akashika kibonyezo cha asilimia akakikandamiza mpaka neno SET likatokea kwa skrini, akaandika 16, akabonyeza tena, akanirudishia. Sekunde tano. Ni kweli ni setting. Lakini ndani ya boksi hakuna karatasi ya maelezo ya lugha yoyote nasoma, iko moja imekunjwa kama ya dawa na herufi za Kichina tupu, na yeye wakati ananiuzia aliniambia "iko tayari, wewe ni kubonyeza tu." Ndio maana sitaji duka. Sitaki vita, na pia nikiwa mkweli ningeangalia na 116 kabla nilipe ningejua.

Kuna kitu kingine cha hilo duka kilinichekesha baadaye. Nilimuuliza risiti, akaniandikia kwa ile kitabu ya duplikeiti ya kuandika na mkono, jumla 1,450, hakuna VAT hakuna QR ya eTIMS hakuna chochote. Kwa VAT simlaumu. Mtu ambaye mauzo yake hayafiki milioni tano kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa VAT, na kama hajasajiliwa haruhusiwi kuitoza, kwa hiyo kwa hiyo risiti hakuna cha kutoa, 1,450 ni 1,450. Watu hukosea sana hapa, wanachukua kila risiti wanagawa kwa 1.16 kama kwamba kila muuzaji amechukua VAT. Lakini ya QR ndio iliniuma, sababu tangu Januari 2024 gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS KRA haiitambui ukihesabu faida yako, ata kama muuzaji ni mdogo. Kwa hiyo kalkuleta ya kuhesabia ushuru ndio kitu pekee kwa ofisi yetu mhasibu alikataa kuandika kama gharama. Ameipa jina, anaiita mwanaharamu.

Sasa hoteli ya auntie, hapa ndio nimegundua mipaka yake. Ana risiti za supermarket kila siku mbili, na risiti ya supermarket si kitu kimoja. Unga wa mahindi hauna VAT. Unga wa ngano hauna. Mkate wa kawaida hauna, mnakumbuka 2024 walitaka kuuwekea 16 kwa Finance Bill na kelele yake, walitoa hiyo ya mkate kabla na mswada wote ukaanguka Juni. Maziwa hayana. Gesi ya kupikia walitoa VAT Julai 2023. Lakini sabuni iko nayo, tishu iko nayo, mafuta ya kupikia iko nayo, steelwool iko nayo. Kwa hiyo risiti ya auntie ya 9,640 ukiiandika na ubonyeze TAX- inakupa namba safi sana ya uongo. Ile ya juzi ilikuwa na unga na maziwa ya 5,000, zilizobaki 4,640 ndio za VAT. TAX- kwa 4,640 ni 4,000, VAT 640. Ukifanya kwa yote unapata VAT 1,329.66, yani zaidi ya mara mbili. Mashini haijui umenunua nini. Lazima upite risiti na kalamu kwanza, ziko na alama za herufi kando ya kila kitu na chini kabisa kuna kajedwali kadogo ka kila herufi ni pasenti ngapi, watu wengi hukatupa na hako ndio mali.

Na kwa upande wa mauzo yake mwenyewe kuna mambo. Bili za mahoteli mengi Nairobi zina VAT 16 na ile levi ya utalii asilimia 2, inaandikwa CTL kwa risiti, na zote mbili zinahesabiwa juu ya bei ile ile ya chini, si moja juu ya nyingine. Kwa hiyo bei ya kwa menyu ukiigawa unagawa kwa 1.18. Bili ya 3,540 ni chakula 3,000, VAT 480, levi 60. Kalkuleta yangu iko na rate moja tu. Kwa hiyo wikendi naibadilisha iwe 18, napata 3,000, alafu 480 na 60 natafuta na mkono. Ziko kalkuleta zingine zenye rate mbili, niliziona hapo hapo kwa rafu, 2,600, nikaona ni anasa. Saa hii nasema kama unafanyia hoteli nunua hiyo ya rate mbili. Nilijinyima 1,150 na nimeilipa kwa njia zingine, mtaona.

Kitu auntie aliniuliza na nikakosa jibu la haraka ni ya airtime. Anawekea wafanyikazi bando za mia mia anaandika kwa kitabu. "Hapo kwa hii mia VAT ni ngapi?" Nikabonyeza TAX- nikamwambia bei ni 86.21. Mhasibu alikuwa amepitia kula, akatikisa kichwa. Airtime iko na ushuru wa bidhaa kwanza, ulishushwa hadi asilimia 15 Julai 2023, alafu VAT inakuja juu ya bei pamoja na huo ushuru. Yani unazidisha 1.15 na 1.16 inakuwa 1.334, mia ukigawa kwa hiyo ni 74.96. Kwa hiyo 86.21 ni kabla ya VAT lakini si kabla ya ushuru wote, robo ya hiyo mia imeenda. Auntie akasema basi watakuwa wanapiga flash. Petroli ni vivyo hivyo, VAT yake ilitoka 8 ikawa 16 Julai 2023 lakini ndani bado kuna ushuru mwingine na levi ya barabara ya shilingi 25 kwa lita, kwa hiyo ukibonyeza TAX- kwa risiti ya kituo cha mafuta umetoa kipande kimoja tu cha keki. Na kama unapanga karatasi za zamani, na lazima uziweke miaka mitano, angalia tarehe kwanza kabla ubonyeze. Mafuta ya Juni 2023 ni 8, ya Julai ni 16. Kibonyezo ni kile kile.

Senti pia. Hii si kosa la kalkuleta lakini itakusumbua. Mteja amenunua vitu vitatu vya 99, jumla 297. Ukibonyeza TAX- kwa 297 VAT ni 40.97. Lakini mfumo ukihesabu kila kitu peke yake, kila moja ni 13.66, mara tatu ni 40.98. Senti moja imetoka hewani. Nilikaa Ijumaa moja nzima natafuta senti nane kwa karatasi za wiki, mhasibu akaja akaniambia wacha, ni kukaribisha namba tu, fuata ile imeandikwa kwa invoisi. Nane! Siku nzima! Chai nilinunua ya hiyo siku ilikuwa shilingi 60.

Nilisema nimelipa kwa njia zingine, basi hii hapa. Binamu yangu yuko Houston, huko Marekani bei ya kwa rafu haina ushuru, unaongezewa kaunta, kwake ni asilimia 8.25, jimbo linachukua 6.25 na mbili ya mji na wenzake. Alinitumia picha ya risiti, jumla dola 54.13, mistari ya juu imechanika, anataka kurudishiwa pesa na mtu aliyemwagiza kiatu na huyo mtu anasema atalipa bei ya kiatu tu, ushuru si wake. Familia. Nikaweka rate 8.25, TAX-, ikaleta 50.0046. Hiyo 0.0046 inatokana na kwamba ushuru ulikuwa 4.125 na duka likakaribisha kuwa 4.13, kwa hiyo ukirudi nyuma hautui kwa 50 kamili, unajua tu ni 50. Nikamwambia kiatu ni 50, akanitumia emoji. Nzuri sana. Sasa nadhani mshajua. Sikurudisha 16. Jumatatu nikaja kazini nikabonyeza karatasi kumi na nne na ushuru wa Texas.

Hiyo niliikamata mwenyewe, sababu sasa hivi nina tabia, kila asubuhi kitu cha kwanza kabla ata ya kuwasha laptopu naandika 116 TAX-. Nikiona 100 naendelea. Hiyo asubuhi nilikuwa nimechelewa, matatu ilikuwa imeharibikia Pangani, nikaruka. Nikaja nikakumbuka karatasi ya kumi na tano. Nimebandika kikaratasi juu ya skrini kimeandikwa "116?" na bosi anafikiri ni namba ya simu ya mtu.

Mwili wake sasa, haraka haraka. Skrini ni kubwa na imeinama kidogo inakuangalia, unaona ata ukiwa umesimama. Sola inafanya kazi na taa ya kawaida, stima ikipotea batri inaendelea. Vibonyezo ni laini, lakini ile ya TAX- alama yake imeanza kufutika, saa hii inasomeka TA-, kwa miezi saba mimi naona ni mapema. Mpira mmoja wa chini ulitoka wiki ya pili, inateleza kwa kaunta ya glasi, niliweka kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi, bora kuliko ile ilikuja nayo. Vumbi la saruji haijaingia bado na hiyo kwa hardware ni sifa kubwa. Sifuri mbili ziko kwa kibonyezo kimoja, 00, usidharau hicho, kwa pesa zetu hicho ndio kinafanya kazi kuliko vyote. Iko na GT ya kujumlisha majibu yote, unafanya risiti ishirini unabonyeza GT unapata jumla ya bei zote, lakini ukibonyeza AC imefuta pia hiyo GT, nilijifunza kwa uchungu na sitaki kuongea juu ya hiyo.

Nyota kwa mashini nampa nne kwa tano. Duka moja na nusu, hiyo nusu ni sababu nilivyorudi hakunifukuza. Kama risiti zako ni tano kwa mwezi usinunue, simu na 1.16 inatosha, hiyo pesa nunua kitu kingine. Kama ni mia na zaidi nunua, na kama kuna hoteli ndani ya hiyo kazi toa 2,600 upate ya rate mbili.

Ukifika pale kwa kaunta usikubali ile ya kuonyeshea watu, itisha iliyo kwa boksi, mwambie aitoe, alafu kabla ya kufungua M-Pesa andika 1160 ubonyeze TAX-. Ikileta 1,000 lipa. Ikileta 1,017 na madesimali mengi, mwambie aikandamize hiyo ya asilimia mpaka SET itokee, na umwambie ni mimi nimekutuma, atacheka.